Nchi Iliyolisha Magari Mahindi

Ipo nchi moja ambayo jina lake nimelisahau, na ninakusudia kuendelea kulisahau maadamu nina familia. Nchi yenyewe ina bendera nzuri, ina wimbo mrefu, ina mawaziri arobaini na wanane, na kila waziri ana gari la kwendea kazini na gari jingine la kulifuata lile la kwanza. Ndani ya nchi hiyo, bondeni kabisa, chini ya mlima ambao barabara yake hupanda kwa kujikunja mara kumi na moja, upo mji mdogo wa Kipembe. Na Kipembe alikaa mama mmoja, mjane, jina lake Nyamizi, mwenye mikono mikubwa na maneno machache.

Nyamizi alikuwa mpishi, lakini si mpishi hivi hivi. Yeye ndiye aliyeshika mwiko wa mji. Niwaeleze, maana msipolielewa hili hamtaelewa kilichompata Waziri. Watu wa Kipembe wana desturi yao: mgeni akifika hasemi neno lililomleta mpaka amekula. Hata kama amekuja kukwambia nyumba yako inaungua, atakaribishwa, atanawa, atamega, ndipo aulizwe habari za atokako. Kumsikiliza mgeni mwenye njaa ni aibu ya mji mzima. Kwa hiyo mgeni akikurupuka kusema kabla hajala, wenyeji huziba masikio kwa vidole, tena kwa heshima zote, ili wamsitiri.

Na kula, Kipembe, ni kula ugali. Mtu wa huko anaweza kumaliza sahani ya wali, chapati nne na nusu kuku. Muulize kama amekula, atakujibu bado, alikuwa anatafunatafuna tu.

Ugali wa mgeni wa mji husongwa kwa mwiko mmoja wa mninga, mrefu kama mpini wa jembe. Aliyekuwa nao zamani ni Bi Kalekwa. Mgongo ulipomgomea, akamkabidhi Nyamizi, mke wa mwanawe. Mwana akafariki, wanawake wawili wakabaki na mwiko, na wakaishi kwa kupendana na kununiana kidogo, kama watu wa nyumba moja.

*

Basi ikatokea hewa ya nchi za mbali ikachafuka. Nani aliyeichafua halikuwa swali la adabu, na hakuna aliyeliuliza. Nchi yetu, kwa moyo wake mkunjufu, ikajitolea kwenda kuisafisha kwa mahindi. Wataalamu walikuwa wamegundua kwamba mahindi yakichachushwa na kukamuliwa hutoa mafuta ya kuendeshea magari, na gari linalokunywa mahindi halitoi moshi mbaya, linatoa harufu ya bisi.

Waziri wa Nishati, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Shigela Ntobi, alilieleza jambo hili bungeni kwa saa nne bila kunywa maji.

"Waheshimiwa," alisema, "kwa miaka mingi mahindi yetu yamekuwa yakiishia tumboni. Na yakishaingia tumboni, Waheshimiwa, hayana mchango wowote katika pato la taifa."

Bunge likapiga meza mpaka glasi zikaanguka. Siku hiyo hiyo mahindi yakahamishwa kutoka Wizara ya Kilimo kwenda Wizara ya Nishati, yakapewa jina jipya la kiserikali: mafuta ghafi yenye maganda.

Mwaka ule Kipembe walicheka. Malori yalifika mpaka mashambani, yakatoa bei ambayo hakuna aliyewahi kuiota. Watu wakauza gunia la mwisho, wakauza na yaliyodondoka chini. Ngassa, fundi baiskeli, aliezeka nyumba yake kwa bati la bluu, halafu akakaa nje siku nzima kulitazama. Nyamizi naye aliuza. Angeuza yote, ila Bi Kalekwa alivuta debe moja la mahindi ya mbegu, akalikalia.

"Na hilo tuwape, mama," Nyamizi akasema. "Lori linasubiri."

"Nimechoka, mwanangu. Acha nipumzike kidogo."

Akapumzika mpaka lori likaondoka.

Miezi mitatu baadaye watu wakaenda dukani kununua sembe, wakakuta kilo moja imefika bei ya shati. Mwezi uliofuata ikafika bei ya viatu. Zile fedha za lori zilikuwa zimeshageuka bati, na bati halisongwi. Watu wakahamia kwenye muhogo. Muhogo nao ukapanda, maana wenye muhogo hawakuwa wajinga. Wakahamia kwenye viazi, viazi vikapata kiburi. Redio ya taifa ikaeleza kwamba hakuna bei iliyopanda. Kilichotokea ni kwamba thamani ya ugali, iliyodharauliwa tangu enzi za mababu, sasa imetambuliwa rasmi, na wananchi wanapaswa kujivunia. Wananchi wakajivunia kwa mlo mmoja kwa siku.

Bi Kalekwa alikonda hata pete yake ikahamia kwenye dole gumba. Kila Nyamizi alipomtazama akiwa amejikunja juu ya lile debe, roho ilimuuma. Mara mbili alimwomba ainuke wasage japo kibaba kimoja. Mara mbili bibi akakataa.

"Tukila hizi, mvua ikija tutapanda nini? Vidole?"

Zilikuwa zimebaki wiki tatu mvua inyeshe. Kipembe nzima hapakuwa na mbegu nyingine, na mbegu za madukani nazo zilikuwa zimehamia Wizara ya Nishati. Debe lile likitoka, mwakani hakuna shamba, na bila shamba Nyamizi alijua wazi kwamba bibi hamalizi mwaka. Kwa hiyo hakumwomba tena. Alichemsha majani ya kunde, wakala, wakanuniana, wakalala.

*

Siku moja asubuhi akaja Bwana Mpagaze, Mkuu wa Wilaya, mtu mnene wa sauti nyembamba. Serikali ilikuwa imemaliza kujenga kiwanda cha mafuta ya mahindi pale pale Kipembe, nyuma ya soko, na Waziri mwenyewe alikuwa anakuja kukizindua.

"Bi Nyamizi," akasema, "msafara unafika kesho saa nne. Mwenye mwiko ni wewe. Utawapikia."

"Nitawapikia nini, bwana mkubwa?"

"Ugali."

"Wa unga gani?"

Macho ya Bwana Mpagaze yalizunguka chumba, yakapita kwenye mafiga, yakapita kwenye mwiko ukutani, yakatua kwa Bi Kalekwa.

"Mama, unakalia nini hapo?"

"Nakalia umri wangu, mwanangu. Karibu."

Bwana Mpagaze akatabasamu. Akafungua mkoba, akatoa karatasi yenye muhuri mkubwa kama sahani ya chai, akaigongomea mlangoni kwa kisigino cha kiatu. Kisha akaisoma kwa sauti. Ilisema ni marufuku kwa mtu yeyote kuhifadhi, kutwanga, kusaga, kuchemsha, kusonga au kusogeza karibu na moto wa aina yoyote mafuta ghafi yenye maganda, ndani ya makazi ya watu, bila kuwa na kizima moto, ndoo mbili za mchanga na kibao cha kukataza sigara. Adhabu yake, miezi sita.

"Hiyo ndiyo sheria," akasema. Halafu akalegeza sauti. "Lakini mimi si mtu mbaya. Kesho sufuria ikiwa motoni kwa ajili ya Mheshimiwa, mimi nitakuwa sijaona debe wala sijaona bibi."

"Nimesikia, bwana mkubwa," Nyamizi akasema. "Kesho sufuria itakuwa motoni."

Mkuu wa Wilaya akaondoka anapiga mluzi. Nyamizi akabaki mlangoni, akaisoma ile karatasi polepole mara mbili, kidole kikifuata maneno, kama alivyofundishwa darasa la pili.

"Kwa hiyo unawapikia mbegu zetu," Bi Kalekwa akasema nyuma yake.

"Nimesema sufuria itakuwa motoni, mama. Sijasema ndani yake kutakuwa na nini."

*

Msafara ukafika, magari saba meusi, na harufu ya bisi ikatangulia dakika tano kabla ya ving'ora. Watu mia tisa wa Kipembe walikuwa wamekusanyika mbele ya kiwanda, wanameza mate.

Ilikuwa imepangwa vizuri sana. Wataalamu walipima mafuta kwenye magari hadi tone la mwisho, ili yafike Kipembe yakiwa matupu, kamera za televisheni ya taifa zipige picha yakijazwa mafuta ya kwanza ya kiwanda. Kiwandani kulikuwa na magunia manne ya mahindi, yaliyobakizwa kwa ajili ya sherehe. Mengine yote ya Kipembe yalikuwa baharini, yakielekea kusafisha hewa.

Waziri Ntobi alipanda jukwaani akiwa na hotuba ya kurasa sitini na nne. Akakohoa. Akafungua ukurasa wa kwanza.

"Ndugu wananchi wa Kipembe."

Wananchi wa Kipembe, wote mia tisa, wakaingiza vidole masikioni.

Waziri akadhani ni salamu ya kienyeji. Naye akaingiza vidole masikioni kidogo, akatabasamu kwa kamera, akaendelea. Alikuwa amefika ukurasa wa tatu, penye takwimu, Bwana Mpagaze alipomwinamia na kumnong'oneza ile desturi.

"Basi niletewe hicho chakula," Waziri akasema.

"Kinapikwa, Mheshimiwa. Sufuria iko motoni tangu alfajiri."

Na kweli ilikuwapo. Nyamizi alikuwa ameibandika pembeni ya uwanja, kuni zinalia, mvuke unapanda, mfuniko unachezacheza. Yeye mwenyewe amesimama na mwiko wake mkononi, mtulivu, hana hili wala lile.

Ikafika saa sita. Waziri akala biskuti mbili alizopewa na dereva, akasimama, akafungua hotuba. Vidole vikapanda.

"Lakini nimekula," Waziri akasema.

"Anasemaje?" watu wakaulizana, hawasikii.

Ngassa, fundi baiskeli, alikuwa amekaa mbele kabisa. Akamwonea huruma. "Usijiaibishe, baba," akapaza sauti, vidole masikioni. "Kaa kivulini. Chakula kinakuja."

Ikafika saa nane. Waziri alikuwa amekula biskuti zote za msafara, ndizi moja na nusu pakiti ya karanga, na ajabu ni kwamba kadiri alivyotafuna ndivyo njaa ilivyomkolea. Hakuwa mtu wa kushinda na njaa. Nyumbani kwake chakula kilikuwa kinamsubiri yeye, na hii ilikuwa mara ya kwanza tangu utotoni kwake yeye kukisubiri chakula. Tumbo likanguruma, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa kimewashwa, uwanja mzima ungelisikia kama si vidole.

Bwana Mpagaze akatoka mbio kwenda jikoni.

"Bado tu?"

"Yanachemka, bwana mkubwa."

Akafunua mfuniko. Ndani kulikuwa na maji. Maji matupu, safi, yanayochemka vizuri sana.

"Mahindi yako wapi?" akauliza, sauti yake nyembamba ikawa uzi.

"Mahindi?" Nyamizi akasema. "Ni mafuta ghafi yale, bwana mkubwa. Nisogeze mafuta kwenye moto wa kuni, mbele ya Mheshimiwa Waziri? Sina kizima moto. Mchanga nimepata ndoo moja tu. Ungelipuka mji mzima, halafu ningekuambia nini?"

Bwana Mpagaze akarudisha mfuniko. Karatasi ilikuwa mlangoni, muhuri ni wake.

*

Mambo yalivyofika hapo, Waziri aliamua kama wanavyoamua viongozi wakubwa wakiwa na njaa, yaani haraka. Aliagiza kamera zigeuzwe zitazame mlima. Kisha akaagiza magunia yale manne yafunguliwe.

"Tutafanya jaribio," akawaambia wataalamu. "Tuone hatua ya kwanza ya kiwanda inavyofanya kazi."

Hatua ya kwanza ya kiwanda ilikuwa kusaga. Waziri mwenyewe akabonyeza kitufe, mashine ikanguruma, na unga mweupe ukaanza kumiminika. Hapakuwa na mashine ya kusaga nzuri kama ile katika wilaya nzima. Hatua ya pili ilikuwa kuchachusha na hatua ya tatu kukamua, lakini hakuna aliyekuwa na haraka nazo.

Hapo ndipo Nyamizi alipofanya kazi yake. Yalikatwa mapipa manne kati kwa kati, yakasafishwa, yakatiwa maji, na yeye akazunguka kutoka pipa hadi pipa na mwiko wa mninga, anasonga mwili mzima, jasho linamtiririka mpaka kwenye viwiko. Wanawake wenzake walileta mlenda. Waziri alikabidhiwa tonge la kwanza, akalibonyeza kwa dole gumba, akachovya, akameza, na macho yakamlegea. Watu wa Kipembe wakamsubiri ameze. Kisha wakaanza wao.

Na desturi haikuishia hapo. Kipembe mgeni hali peke yake, wala hasimami mpaka mtu wa mwisho ameshiba. Mtu wa mwisho alichelewa sana kushiba. Walikuwa wamekaa miezi mitatu kwa mlo mmoja, na walikula kwa utaratibu, hawasemi, mapipa yanakwanguliwa mpaka ukoko. Nyamizi aliwatazama wanavyomega, akafurahi. Akajaza bakuli, akalifunika, akalipeleka nyumbani kwa Bi Kalekwa, ambaye alikuwa bado amelikalia debe, hajainuka tangu asubuhi.

"Moto," Bi Kalekwa akasema, na akala wote, ingawa pete ilibaki kwenye dole gumba.

Sasa Waziri aliruhusiwa kusema. Vidole vyote vilishuka, masikio mia tisa mara mbili yakawa wazi. Akasimama na kurasa zake sitini na nne. Akapiga mwayo. Mbele yake watu walikuwa wameegemeana, jua la alasiri limewakalia vizuri, nusu yao wamesinzia.

"Kwa kifupi," Waziri akasema, "tunasonga mbele." Akakaa. Watu walisema hawajawahi kusikia hotuba nzuri kama ile.

*

Madereva wakaenda kuwasha magari. Kri, kri, kri, halafu kimya. Magari saba, kimya saba.

"Jazeni mafuta ya kwanza," mtaalamu mmoja akaagiza.

Wakamwonyesha magunia manne, yamekunjwa vizuri, matupu. Mtaalamu akatazama magunia. Kisha akatazama tumbo lake mwenyewe.

Bwana Mpagaze hakutazama tumbo. Alitazama nyumba ya Nyamizi. Akaondoka kwa hatua ndefu, askari wawili nyuma yake, na Waziri nyuma ya askari, maana hakutaka kulala Kipembe hata kwa dawa. Nyamizi akawaona wanaelekea wapi, akakimbia, akapita uani, akawawahi mlangoni kwa pumzi moja.

Bi Kalekwa alikuwa pale pale.

"Mama, simama," Bwana Mpagaze akasema.

"Sisimami."

"Mkamateni mikono," akawaambia askari. Askari mmoja alikuwa ameoa Kipembe. Akaanza kuchunguza kamba za viatu vyake. Mwenzake akaona ni jambo la maana, naye akachunguza vyake.

"Mheshimiwa," Bwana Mpagaze akasema, "anachokalia bibi huyu ni debe la mafuta ghafi. Likikamuliwa, gari lako moja litafika mpaka lami juu ya mlima."

Nyamizi aliogopa. Alikuwa na mwiko tu, na mwiko haukutengenezwa kwa ajili ya kazi nyingine. Lakini alimwona bibi anavyokaza mikono pembeni mwa debe, mikono iliyotoka kula mara moja tu kama binadamu, akapiga moyo konde.

"Mheshimiwa baba," akasema, "naomba kuuliza. Kukamua debe moja ni muda gani?"

Waziri akamgeukia mtaalamu wake.

"Kuchachusha peke yake ni siku tatu, Mheshimiwa," mtaalamu akasema.

"Siku tatu," Nyamizi akasema. "Siku tatu mtakuwa wageni wetu, na kila mkitaka kusema mtatakiwa kula kwanza. Na mji umebaki na maji ya moto tu, Bwana Mkuu wa Wilaya ameyaona."

Waziri akafumba macho kidogo.

"Halafu, baba, mahindi yako hayajapotea. Magunia yote manne yapo." Akanyoosha mwiko kuelekea uwanjani, ambako watu walianza kuamka na kujinyoosha. "Yako mle matumboni. Yatumie. Yana nguvu ile ile, tena hayahitaji kuchachushwa. Agiza kamba."

Bwana Mpagaze akataka kucheka, akamtazama Waziri kwanza, akaona Waziri hacheki.

"Kamba," Waziri akasema.

*

Yalifungwa kamba magari saba. Wenye mabega wakakaa nyuma, wenye mikono wakakaa mbele, na Ngassa akapewa kazi ya kupanga mwendo, kwa kuwa yeye peke yake alikuwa na filimbi. Wakaanza kupanda ile barabara ya kona kumi na moja. Waziri alibaki ndani ya gari kwa sababu za kiusalama, kioo amekipandisha. Kona ya tatu watu waliimba. Kona ya saba waliacha kuimba wakahema. Kona ya tisa gari la mwisho lilitaka kurudi nyuma, wanawake wakaliwekea migongo, Nyamizi katikati, miguu imezama kwenye vumbi, likakubali. Jua lilikuwa bado lipo magari yalipofika kwenye lami, yakaelekezwa upande wa pili wa mlima, yakasukumwa kidogo, yakateremka yenyewe moja baada ya jingine mpaka yakapotea.

Watu wakarudi nyumbani wanacheka, wanapigana mabega. Walisikia njaa kidogo tu.

Bi Kalekwa alikuwa mlangoni, amesimama. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Wameondoka?"

"Wameondoka, mama."

"Basi leta kigoda. Debe hili linaniumiza."

*

Waziri aliandika ripoti, na ripoti yenyewe haikuwa na neno hata moja la uongo. Ilisema magari saba ya serikali yamepanda mlima wa Kipembe kwa nguvu ya mahindi ya Kipembe asilimia mia moja, bila moshi, bila kelele, mwendo wa wastani, tena kwa magunia manne tu. Nchi za mbali zikapeleka pongezi. Zikataka kujua ni aina gani ya mtambo uliotumika, na kama ipo mingine.

Wiki mbili baadaye akaja karani kutoka Wizara ya Nishati, mtu mpole mwenye fomu nyingi. Akapita nyumba kwa nyumba. Kila aliyesukuma gari aliandikwa, akapewa namba, akabandikwa kibati kidogo cha bluu, kilichokatwa, kwa bahati, kwenye bati lililobaki Ngassa alipoezeka nyumba yake. Kila mtambo uliosajiliwa ukawa na haki ya kilo moja ya unga kwa siku kutoka ghala la serikali, ili usizimike.

Kwa hiyo Nyamizi akawa Mtambo Namba Kumi na Nne. Alipokuwa mtu hakuwa na fungu ghalani, kwa kuwa serikali haikuwa na safu ya watu kwenye fomu zake za mahindi. Sasa fungu lake lilikuwapo, limepigwa muhuri. Aliushika ule unga wa siku ya kwanza, akakaa nao mapajani muda mrefu. Hakujua acheke au alie, akafanya vyote viwili kwa zamu.

"Na huyu?" karani akauliza, akimwonyesha Bi Kalekwa kwa kalamu. "Alisukuma?"

"Hakusukuma," Nyamizi akasema. "Ana miaka themanini."

Karani akaandika: chakavu.

"Chakavu hakijazwi mafuta," akaeleza kwa upole. "Samahani sana, mama."

"Sawa," Nyamizi akasema. "Ila andika kwamba Mtambo Namba Kumi na Nne unakula sana."

Karani akaandika kwamba mtambo unakula mafuta mengi, ukaangaliwe. Kisha macho yake yakatua kwenye debe lililokuwa pembeni ya kigoda. "Na hicho ni nini?"

Nyamizi akaitazama ile fomu, akaona mstari mmoja bado mtupu.

"Vipuri," akasema.

Karani akafurahi. Alikuwa amezunguka wilaya nzima na mstari ule haujajazwa hata mara moja. Akaujaza kwa mwandiko wake mzuri: vipuri, debe moja. Akapiga muhuri, akaaga, akaenda zake.

Mvua ikanyesha Jumanne. Jumatano alfajiri Nyamizi alikuwa shambani, kibati kimening'inia kifuani, anachimba shimo, anadondosha mbegu tatu, anafukia kwa kisigino, anasogea. Bi Kalekwa alikaa pembeni juu ya lile debe, ambalo sasa lilikuwa limepungua, likawa linalia kila alipojigeuza. Walipomaliza safu ya tano, bibi akatazama upande wa pili wa bonde, kwenye vijiji vya Mwabuki, ambako moshi wa jikoni ulikuwa haujaonekana siku nyingi.

"Mwanangu," akasema. "Na wale ambao msafara haukupita kwao, wao wameandikwa nini?"

Nyamizi akafukia shimo.

"Hawajaandikwa, mama."